Hapa Hakuna Kakati

Kosa lilikuwa langu. Nalitanguliza kabla ya ubishi wenyewe, kwa sababu mtu anayebisha pasipo kukiri sehemu yake ya kosa husimama kwa mguu mmoja, na mimi katika jambo hili nilikusudia kusimama kwa yote miwili.

Wakati nikifundisha Kiswahili na elimu ya viumbe katika shule moja ya sekondari Karagwe, niliombwa kutafsiri kijitabu cha ziada kuhusu majangwa ya dunia. Nilikifanyia kazi nyumbani kwangu Ihanda, baada ya vipindi, juu ya meza iliyotazama kahawa, na sikuharakisha. Nilifunzwa Kilatini na mapadre wa seminari ambao mwanafunzi akikosea kiishio cha neno moja walimrudisha mwanzo wa sentensi, na tabia ile haijanitoka. Sura iliyonivutia kupita zote ilikuwa ya mimea mikubwa ya jangwa la Amerika. Kamusi ilinipa jina refu, dungusi kakati. Nikatwaa nusu yake ya pili, kakati, kwa kuwa ilitamkika.

Nilijifunza humo kwamba shina la kakati kubwa lina mikunjo kama ya kodiani. Mvua ikinyesha, mikunjo hufunguka, shina likajaa maji ambayo mmea utayatumia kwa ubahili hadi mvua nyingine. Nilijifunza kwamba kigong'ota hutoboa shina hilo na kutaga ndani yake, na akishahama, bundi mdogo huingia akawa mpangaji wa pili. Popo na nyuki hunywa maua yake. Njiwa hula matunda yake wakati ambapo hakuna tunda jingine la kuliwa. Na kakati changa haiwezi kuanza maisha peke yake: huota kivulini mwa mti mwingine unaoilea, na ikisha kukua, nayo hulea wengine. Ondoa mmea huo mmoja, kijitabu kilisema, na nusu ya jangwa itakosa mahali pa kulala na kitu cha kula. Nilitafsiri sura hiyo kwa furaha ya mtu anayesimulia habari za ukoo wa heshima.

Nilipoijaribu rasimu darasani, msichana aliyekaa karibu na dirisha aliuliza, "Mwalimu, hiyo kakati ikoje?"

Nikanyoosha kidole nje. Kwenye mwinuko nyuma ya bwalo ulisimama mti ambao kwa Kinyambo tunauita enkukuru: mti wa maziwa, usio na majani ya kuhesabika, wenye shina moja gumu linalofumuka juu na kuwa matawi mengi ya kijani yenye pembe na miiba midogo, yote yakielekea mbinguni kwa pamoja.

"Kama ile," nilisema.

Darasa zima likageuka, likaelewa, na somo likaendelea. Mdomo wangu ulikuwa umesema kama. Kalamu yangu, siku ile ile, iliandika chini ya ukurasa: Kakati ndiyo enkukuru yetu.

Asiyezoea kuyapima maneno atasema hiyo ni tofauti ndogo. Neno kama huacha mlango wazi kati ya vitu viwili, kila kimoja kikabaki nyumbani kwake. Neno ndiyo huvifungia vyote viwili katika chumba kimoja na kusema ni kitu kimoja. Nililiandika kwa sababu lilikuwa fupi na lilisikika vizuri. Kijitabu kikapigwa chapa, kikasambazwa mashuleni Karagwe na hata nje yake, na walimu wenzangu wakakisifia tanbihi hiyo kuliko kitu kingine chochote ndani yake. Nami nikapokea sifa.

Nilistaafu. Miaka ilipita bila mtu yeyote kuniuliza habari za kakati, hadi dada yangu aliponipigia simu kutoka Nyakatuntu.

Dada yangu ni mkubwa kwangu, na ndiye aliyebaki katika kibanja cha wazazi wetu, shamba la migomba na kahawa. Hajawahi kuniita kwa jina tangu nilipoajiriwa. Huniita mwalimu, kwa sauti ambayo mtu mwingine angeitumia kumwita jogoo aliyepanda juu ya paa.

"Mwalimu," alisema, "ni wewe uliyeandika kwamba enkukuru zangu zilitoka Amerika?"

"Nani amesema?"

"Karatasi. Imebandikwa ofisi ya kata, ina mhuri, na kitabu chako kimetajwa. Nimekaa nikawaza, labda umeandika na mimi nilitoka huko, ila hukupata nafasi ya kuniambia."

Nikamwomba anisomee. Alikuwa ameinakili nyuma ya daftari lake la kanisa. Tangazo lilisema kwamba katika kampeni ya kuondoa mimea vamizi ya kigeni, kakati zote, yaani enkukuru, ambazo asili yake ni majangwa ya Amerika, zing'olewe katika kata kabla ya mvua za vuli, na vilima vilivyokuwa nazo vipandwe mikaratusi. Mwenye shamba asiyeng'oa angeng'olewa na wahusika.

"Hilo la mwisho," dada alisema, "sijaelewa kama ni mimi nitakayeng'olewa au ni mti."

Kesho yake nilipanda bodaboda hadi Nyakatuntu.

Ni lazima nieleze kilichokuwa hatarini, maana kwa mtu wa mbali miti tisa ya miiba juu ya mawe si jambo la kumtoa mstaafu nyumbani. Kibanja cha wazazi wetu kina sehemu mbili. Chini, migomba na kahawa, udongo mweusi uliolishwa samadi na maganda ya ndizi vizazi na vizazi. Juu, mgongo wa kilima, mawe na vichuguu, mahali ambapo jembe hugonga na kurudi. Huko juu ndiko zilipo enkukuru tisa. Kila moja imesimama juu ya kichuguu au ubavuni mwake, na chini ya kila moja kuna kichaka kilichojipanda chenyewe, kwa mbegu zilizoangushwa na ndege waliotua juu yake. Nje ya vichaka hivyo kilima ni majani makavu tu. Katika vichaka ndimo dada yangu alimoweka mizinga yake ya nyuki, juu ya magogo, kwa sababu kivuli kipo na ng'ombe hawafiki. Kwa asali ile aliwalipia watoto wake ada, na kwa asali ile hadi leo hamwombi mtu chumvi.

Lakini zaidi ya mizinga ni lile analolijua yeye kuhusu maua. Enkukuru huchanua kiangazi, wakati migomba imejikunja na maua mengine yamekwisha, vijiua vya manjano vilivyoshikana kwenye kingo za matawi. Nyuki huvijaa hadi mti mzima unavuma. Asali ya msimu huo huwasha koo kama pilipili. Mtu akiila atakunywa maji mtungi mzima. Kwa hiyo dada haivuni. Mama yetu hakuivuna, wala bibi yetu. Ukifungua mzinga kiangazi na kuonja sega kwa ncha ya kidole, na ulimi ukawaka, unafunika na kusema: hii ni ya wenyewe. Wenyewe ni nyuki. Wanaila, wanavuka kiangazi, na mvua za kwanza zinapofumua maua ya kahawa, makundi yako hai na yana nguvu. Kahawa yetu ya robusta haijizalii yenyewe; chavua yake ni lazima itoke mti mmoja iende mwingine, kwa upepo na kwa wadudu. Nilifundisha jambo hilo miaka mingi ubaoni. Siku ile, nikiwa nimekaa juu ya jiwe na kumsikiliza dada akieleza kwa nini haili asali yake mwenyewe, ndipo nilipoona kwamba sura niliyoitafsiri kwa furaha ile yote ilikuwa ikitendeka nyuma ya jiko tulikozaliwa, na kwamba mimi, kwa neno moja, nilikuwa nimeiandikia hati ya kifo.

Katikati ya zile tisa palikuwa na gofu la ya kumi, iliyokufa zamani. Kigong'ota alikuwa ameitoboa. Nilitaka kusubiri nione ni nani aliyepanga humo baada yake, lakini dada alinikatiza.

"Umekuja kuangalia ndege au umekuja kufuta ulichoandika?"

Tukashuka kwenda ofisi ya kata.

Bwana shamba alikuwa kijana kutoka Muleba, nadhifu, mwenye kalamu tatu mfukoni. Alisimama niliposema mimi ni nani.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba."

"Waitu mwalimu," aliongeza, kwa neno la heshima la kwetu, "sikuamini nitakuona. Kitabu chako tulikisoma kidato cha pili. Ile sura ya kakati ndiyo iliyonifanya nipende mimea. Nakumbuka hadi leo: kakati ndiyo enkukuru yetu."

Aliitamka tanbihi yangu kwa moyo, bila kupotoa neno, kama mtu anavyosoma Baba Yetu. Sijawahi kusifiwa kwa maumivu makubwa kiasi kile.

"Sentensi hiyo ni ya uongo," nilisema.

Alicheka kwa adabu, akidhani ni unyenyekevu. Nilipomweleza kwamba nilikosea, kwamba mimea ile miwili si ndugu, kwamba inafanana tu kwa kuwa yote miwili ilifunzwa na ukame somo lile lile, moja huko Amerika na nyingine hapa Afrika, uso wake ulibadilika. Haukuwa uso wa ukaidi. Ulikuwa uso wa mtu ambaye taarifa yake imekwisha kwenda wilayani.

"Na utomvu?" aliuliza. "Utomvu wake unapofua macho. Hilo nalo si kweli?"

"Hilo ni kweli. Ndiyo maana mama yetu alitufundisha kuupa mgongo upepo tunapopunguza tawi. Panga nalo linakata, nawe hujatangaza mapanga yang'olewe."

"Mwalimu, mwenyekiti ameitisha mkutano wa kijiji Jumatano. Yaseme huko."

Nilikwenda Jumatano na mfuko wa karatasi. Mkutano ulikuwa mbele ya ofisi ile ile, watu wamekaa kwenye nyasi na kwenye vyuma vya baiskeli zao. Mwenyekiti wa kijiji, mtu mnene mwenye subira, alinipa nafasi baada ya bwana shamba kusoma tangazo.

Kabla sijaanza, jirani wa dada yangu alisimama. Alikuwa na enkukuru mbili kwenye mpaka wake wa juu, naye alikwisha kuzikata wiki ya kwanza.

"Mwalimu," alisema, "mimi nilikata kwa sababu ya kitabu chako. Nilisema, kama ndiye aliyeandika, basi anajua. Sasa unakuja kuniambia nini?"

"Nakuja kukuambia kwamba ulinisadiki, na mimi sikustahili. Naomba radhi."

"Radhi haioti," alisema, akakaa.

Hakuna aliyecheka. Kisha nikamwomba mwenyekiti ruhusa ya kukata kipande cha mmea uliokuwa kwenye bustani ndogo ya ofisi, kando ya mlingoti wa bendera: mpungate, wenye vipande bapa na miiba, ambao mtumishi fulani aliyehamia hapo zamani aliupanda kwa urembo.

"Huo wa serikali?" mtu alipaza sauti.

"Huo huo."

"Kata taratibu, una cheo huo."

Nikaukata. Kilichotoka kilikuwa maji mazito yasiyo na rangi, yenye kuteleza kama ute wa bamia. Niliuinua mbele yao. "Hii ni kakati. Hii ndiyo, kwa maana kamili ya neno ndiyo. Asili yake Amerika." Nikatoa kipande cha pili mfukoni, tawi la enkukuru kutoka kwa dada, nikaupa mgongo upepo, nikakata. Maziwa meupe yakamwagika hadi kwenye nyasi. "Hii si kakati. Kakati haina maziwa. Sasa tazameni ndugu wa kweli wa enkukuru." Nikatoa cha tatu, jani la mhogo lenye kikonyo chake, nikakivunja, na tone jeupe likajitokeza.

Minong'ono ikapita. Nilijiona nimeshinda. Ndipo mwanamke mmoja aliyembeba mtoto mgongoni akauliza, "Mwalimu, na mhogo ulitoka wapi?"

Mtu mwingine angeweza kukwepa. Mimi nilifundishwa na watu walionirudisha mwanzo wa sentensi.

"Mhogo," nilisema, "kwa kweli ulitoka Amerika."

Kicheko kilichopasuka pale kilisikika, naamini, hadi barabarani. Mwenyekiti alifuta machozi kwa leso. "Basi mwalimu," alisema alipoweza kusema, "unamtetea nani? Umeleta shahidi wako, naye ni mgeni!"

"Yule ni binamu aliyezaliwa ughaibuni," nilisema. "Enkukuru ni wa nyumbani. Lakini nakushukuru, mwenyekiti, na namshukuru mama huyu mwenye mtoto, maana mmenipa hoja iliyo bora kuliko niliyokuja nayo. Nilikuja kubisha kwamba enkukuru si mgeni. Sasa nabisha zaidi ya hapo. Kama ugeni ndilo kosa, tuanze jikoni. Mhogo ung'olewe. Maharage yang'olewe, yalitoka huko huko. Mahindi vile vile. Ndizi nazo zilikuja hapa zikitoka mashariki ya mbali, kabla ya babu zetu kuanza kuhesabu mababu. Tuzing'oe, tukale mawe. Na baada ya kung'oa vyote hivyo, tutapanda nini juu ya kilima? Mkaratusi! Nani anaweza kuniambia mkaratusi ni wa ukoo gani wa Karagwe?"

"Ni wa Mwaustralia!" alisema mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi ya misitu. "Na ni mlevi. Ukiupanda karibu na chemchemi unakunywa yote."

"Tangazo halikuuliza mti unafanya nini," niliendelea. "Liliuliza mti umetoka wapi, likapewa jibu la uongo, nalo la kwangu. Mimi nauliza unafanya nini. Dada yangu atajibu."

Dada yangu hakusimama. Alijibu akiwa amekaa, mikono juu ya magoti. "Kiangazi," alisema, "nyuki wangu wanakula nini? Anayejua ua jingine lililo wazi wakati huo kule mgongoni aninyooshee kidole, nitaleta panga mwenyewe." Alingoja. Jirani yake, yule aliyekata, alikuwa wa kwanza kutazama chini. "Na nyuki wangu hawaulizi kahawa ni ya nani. Wanaingia kwenu wote."

Mwenyekiti alimgeukia bwana shamba. Kijana alikuwa amekunja tangazo mara nne.

"Mimi sibishani na maziwa," alisema. "Nimeona. Lakini taarifa ilipelekwa kwa maandishi, ikitegemea kitabu. Siwezi kuirudisha kwa mdomo. Mwalimu anipe maandishi."

"Utayapata."

"Na kama hayatajibiwa kabla ya tarehe, nitalazimika kuja."

"Njoo," dada alisema. "Nitakuwepo."

Niliandika masahihisho kabla usiku haujaingia, kwenye meza ya ofisi hiyo hiyo, kwa mkono, nakala nne. Katika tanbihi ya sura ya kakati, palipoandikwa ndiyo, pasomwe si. Kakati si enkukuru yetu. Mtafsiri alikosea. Nikatia saini. Nakala moja nilimpa bwana shamba, moja mwenyekiti, moja niliibandika juu ya tangazo, nayo ya nne niliipeleka wilayani mwenyewe, nikaambiwa niache kwenye trei.

Sikuridhika na trei. Wiki zilizofuata nilizunguka mashuleni na kalamu nyekundu. Katika shule ya Nyakasimbi, mwalimu wa maktaba, kijana wa kike mwenye miwani, alinikuta nimefungua kijitabu cha saba.

"Shikamoo. Samahani, lakini unachora mali ya shule."

"Marahaba. Mali hii niliiharibu mimi. Naitengeneza."

Alitazama jina kwenye jalada, akanitazama mimi, akavuta kiti. "Leta kalamu nyingine basi. Viko vingine chini ya ngazi." Tulimaliza rafu pamoja. Katika nakala moja mwanafunzi fulani alikuwa amepiga mstari chini ya tanbihi yangu mara tatu na kuandika pembeni, *muhimu*. Hiyo niliifuta kwa nguvu kiasi kwamba karatasi ilitoboka.

Marafiki zangu wa kustaafu walisema najisumbua. Mmoja, msomi wa kweli, alisema neno likisha kutoka halifutiki na kwamba kujisahihisha hadharani ni kujidhalilisha. Nilimjibu kwamba udhalili ni kuujua ukweli na kuacha uongo wenye jina lako ukate miti. Alisema nimekuwa mkali. Nilikuwa mkali. Sioni sababu ya kuomba msamaha kwa hilo.

Tarehe ya tangazo ilifika bila jibu la wilayani. Nililala kwa dada usiku wa kuamkia siku hiyo, na asubuhi tulipanda mgongoni pamoja. Alikuwa amevaa kitenge chake cha ibada. Nilimuuliza kwa nini. "Wageni wanakuja," alisema.

Bwana shamba alikuja na vijana wawili wenye mapanga na baiskeli iliyobeba miche ya mikaratusi kwenye viroba. Jasho lilimtoka. Alitusalimu kila mmoja kwa shikamoo yake, akasimama.

"Waitu mwalimu, hawajajibu. Mimi natekeleza tu."

"Na utekeleze," nilisema. "Leta tangazo tulisome."

Alilitoa. Nililisoma kwa sauti, polepole, kama nilivyosoma maelfu ya insha. "Kakati zote, yaani enkukuru, ambazo asili yake ni majangwa ya Amerika. Sentensi hii imesimama juu ya kitabu, na kitabu kimesahihishwa na mwenyewe. Nakala ya masahihisho unayo. Ukiondoa uongo, amri inabaki hivi: ng'oeni kakati zote ambazo asili yake ni Amerika. Sikupingi hata neno. Hapa hakuna kakati. Kakati ya kata hii iko moja, kando ya mlingoti wa ofisi yenu. Ukitaka, nitakushikia kiroba uitie humo."

Mmoja wa vijana wenye mapanga alicheka, kisha akajizuia. Bwana shamba hakucheka. Aliitazama enkukuru iliyokuwa karibu, ambayo ilikuwa na maua, na nyuki walikuwa wakivuma kazini. Nilimwona akisogea hatua moja, akiangalia kichaka kilichokuwa chini yake kwa jicho la mtu aliyewahi kupenda mimea kabla ya kupewa mhuri.

"Sura yote ya kile kitabu," alisema hatimaye, "ile ya njiwa na bundi. Ile ilikuwa kweli?"

"Ile ilikuwa kweli yote. Uongo ulikuwa tanbihi peke yake."

Aliwaambia vijana waweke mapanga kwenye baiskeli. Kisha akatoa karatasi nyingine kwenye bahasha. Ilikuwa fomu.

"Kuna njia," alimwambia dada. "Hii ni ya kuomba kibali cha kubakiza mimea. Mama, ukiijaza na kusaini, nitasema wazi kwamba mwenye shamba ameomba, na maombi yanashughulikiwa. Hakuna atakayekuja tena. Ni saini tu."

Ilikuwa njia nzuri. Mimi, nakiri, nilikwisha kuitafuta kalamu mfukoni. Kwa muda wote ule nilikuwa nikipigania neno. Yeye alikuwa akipigania kitu kingine, na nilikuwa sijakielewa hadi alipokisema.

"Naomba nini?"

"Ruhusa ya kuwa nazo."

"Zilikuwa hapa kabla yangu. Kabla ya mama yangu. Nikisaini hapo nimesema kulikuwa na siku ambayo hazikuwa na ruhusa." Aliisukuma fomu kwa ncha za vidole, bila hasira. "Siombi. Na wewe, baba, usiondoke mikono mitupu, utagombezwa. Ijaze mwenyewe. Andika hivi: aliulizwa kama anaomba, akasema haombi, na miti ipo."

"Hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo. Mwalimu atakuangalizia herufi."

Bwana shamba aliiweka fomu juu ya jiwe, akapiga goti moja, akaandika. Alinipa nisome. Niliisoma neno kwa neno, mara mbili. Haikuwa na kosa. Aliitia saini yake mwenyewe, mahali palipoandikwa mwombaji akapiga mstari, akairudisha kwenye bahasha, na wakashuka na miche yao.